Mchuuzi Aliyeanzisha Gazeti, Kisha Akaliuza

Mwezi uliopita kuna jamaa alinipigia simu akitaka kununua ukurasa wangu. Hakuwa anatafuta tangazo wala ushirikiano. Alitaka ukurasa wote: jina, wafuasi, na video zote tangu ile ya kwanza niliyorekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Akataja bei, shilingi 250,000. Siku hiyo nilikuwa na deni la kodi ya nyumba la miezi miwili, na kwenye M-Pesa nilikuwa na shilingi 340. Nikamwomba anipe wiki mbili nifikirie.

Mimi hufikiria kwa miguu. Nikatoka Ngara, nikashuka mjini, nikazunguka hadi nikajikuta Jeevanjee. Kama unaijua Nairobi, unaijua bustani hiyo, pale kando ya barabara ya Muindi Mbingu. Saa ya chakula cha mchana utapata mhubiri upande huu, mchekeshaji upande ule, watu wamelala kwenye nyasi viatu vikiwa chini ya kichwa, na chini ya mti kundi la wasee wanabishana kuhusu bei ya unga na ushuru mpya. Hao ndio Bunge la Mwananchi. Hawana kipaza sauti, hawana viti vya ngozi, wala hakuna anayelipwa marupurupu. Ukitaka kusema, unangoja zamu yako, unasimama, unasema.

Nilipotoka Kisauni kuja Nairobi mwaka 2019, nilidhani Jeevanjee ni jina la mahali tu, kama vile Ngara ama Kariokor. Kwa mwaka mzima nilikula njugu kwenye bustani ya mtu bila kujua ni mtu. Nilipoanza kusoma habari zake, nilikuta stori ya mhamiaji aliyeanza kwa kutembeza bidhaa, akawa tajiri mkubwa wa miji yetu miwili, akaanzisha gazeti, akasimama mbele ya wakubwa wa dola akazungumza, na akachapisha kijitabu cha kutetea watu wake. Pia nilikuta kosa moja ambalo lilinifanya nisilale vizuri usiku ule, kwa sababu lilifanana sana na ile simu niliyopigiwa.

Basi acha niwasimulie.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Leo Karachi iko Pakistan, lakini wakati huo ilikuwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Kibohora, jamaa ambao sisi watu wa Mombasa tunawajua vizuri kwa maduka yao na misikiti yao. Hakuwa msomi wa vyuo. Mwaka 1886, akiwa na miaka 30, alivuka bahari hadi Adelaide, Australia, na kazi aliyoanza nayo huko ilikuwa uchuuzi. Alitembeza bidhaa za Mashariki kwa watu asiowajua, kwenye nchi asiyoijua, hadi baadaye akafungua biashara yake ya kuagiza bidhaa hizo.

Hapa nataka usimame kidogo. Sisi vijana wa leo tunaambiwa ukifika miaka 30 huna gari wala ploti, umechelewa. Huyu katika umri huo alikuwa anabeba mizigo mlango kwa mlango. Nyie mnaouza soksi na chaja pale Moi Avenue, jicho moja kwa mteja na jingine kwa askari, mjue mtu ambaye bustani imeitwa kwa jina lake alianza kazi hiyohiyo.

Mwaka 1890 akaja Mombasa. Wakati huo Waingereza walikuwa wanatawala sehemu hizi kupitia kampuni ya kibiashara, Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ilihitaji watu wa kazi na mafundi, na Jeevanjee aliwajua watu wa kwao na njia za kuwaleta. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua usukani kutoka kwa kampuni, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ukaanza kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Kwake yeye huo ndio mlango uliofunguka. Alipata kandarasi za kuleta wafanyakazi kutoka India, kuwapelekea chakula, kupasua mawe, kuchimba udongo na kujenga majengo ya reli.

Ukiangalia kwa jicho la biashara, alikuwa mjanja. Hakujaribu kushindana na wenye reli. Alijiuliza reli inakula nini, inalala wapi, inajengwa na mikono ya nani, kisha akauza hivyo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, naye akapanda juu nayo. Nairobi ilikuwa kambi ya mahema na mabati kwenye kinamasi. Tauni ilipoingia kwenye soko la Wahindi mwaka 1902, wakubwa waliamuru soko lichomwe. Mji ulihitaji kujengwa upya, na Jeevanjee alikuwa na mtaji, mafundi na vifaa. Alijenga soko, akajenga nyumba na ofisi, na baadhi ya majengo hayo serikali yenyewe ilikuwa mpangaji wake. Akawa na meli pia. Mchuuzi wa Adelaide sasa alikuwa anawapangishia nyumba watawala.

Lakini mimi ni mtoto wa Pwani na nimekua nikisikia honi ya treni. Siwezi kuisimulia reli kama stori ya mafanikio peke yake. Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka India walikuwa karibu 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio waliopata filamu, lakini magonjwa na ajali ndivyo vilivyoua wengi zaidi. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipoisha, na zaidi ya 6,700 wakabaki hapa. Ukisikia kwamba mtu alitajirika kwa kandarasi za reli, kumbuka utajiri ule ulipita kwenye migongo ya nani. Sisemi hivyo kumchafulia jina. Ukisimulia hasla ya mtu ukaacha jasho la wengine, hapo umeandika tangazo.

Sasa tufike kwenye gazeti.

Mwaka 1902, huko kwetu Mombasa, Jeevanjee alianzisha gazeti la kila wiki, African Standard. Aliajiri mhariri Mwingereza, W. H. Tiller, na gazeti likatoka kwa Kiingereza. Fikiria hilo kwa muda. Kwenye nchi ambayo mtu mweusi hakuulizwa chochote na Mhindi aliulizwa kidogo sana, mfanyabiashara Mhindi alikuwa na gazeti lake ambalo maofisa na walowezi walilazimika kulisoma. Nadhani alilianzisha kama mfanyabiashara yeyote, maana mji wa bandari unahitaji habari za meli, bei na matangazo. Lakini hata kama nia ilikuwa biashara, alikuwa ameshika kitu kikubwa kuliko soko.

Mwaka 1905 akaliuza.

Walionunua walikuwa Waingereza wawili. Wakalibadilisha jina likawa East African Standard, na mwaka 1910 makao yake yakahamia Nairobi. Ndilo gazeti mnalolijua leo kama The Standard. Katika miaka ya ukoloni likawa sauti kubwa ya walowezi wazungu.

Kwa nini miaka hiyo ni muhimu? Kwa sababu ya mambo yaliyofuata. Kuanzia mwaka 1903 walowezi walianza kumiminika, Lord Delamere akiwa mmoja wao, na walichotaka zaidi ni nyanda za juu, zile ardhi zenye baridi na rutuba. Mwaka 1908 Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alikubali utaratibu wa kutowapa Wahindi ardhi ya nyanda hizo. Mjini nako, mitaa ikazidi kutengwa kwa rangi. Mtu aliyejenga nusu ya mji akaanza kuambiwa mahali anapoweza kuishi na mahali asipoweza.

Hapo ndipo Jeevanjee alipolazimika kusema. Kufikia mwaka 1910 alikuwa ameteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, lile lililoanza vikao vyake mwaka 1907. Alikuwa wa kwanza asiye mzungu kuketi humo. Ebu jiweke kwenye kiti hicho. Uko peke yako, lugha si yako, utaratibu si wako, na wote wanaokuzunguka wanakubaliana kabla hujafungua mdomo. Hakukaa sana kwenye baraza hilo. Lakini mwaka huohuo 1910 alikwenda London, akazungumza na waandishi wa habari, na malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki yakachapishwa kwenye Daily Chronicle. Nairobi walowezi wakakasirika sana.

Na hapa ndipo stori iliponigusa. Mwaka 1910, alipokuwa na jambo zito kuliko yote la kusema, gazeti alilolianzisha kwa mikono yake lilikuwa chini ya watu wengine, na liliegemea upande wa waliompinga. Ikabidi avuke bahari kutafuta gazeti la watu wengine limsikilize. Miaka minane tu kabla, alikuwa na lake, hatua chache kutoka ofisini kwake.

Hakunyamaza lakini, na kwa hilo namheshimu. Mwaka 1912 alitoa kijitabu huko Bombay cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, kieleze kwa watu wa India na Uingereza kilichokuwa kinatendeka huku. Mwaka 1914 Wahindi wa Afrika Mashariki wakaunda chama chao, East African Indian National Congress, naye akawa rais wake wa kwanza. Mtu wa kandarasi akawa mtu wa hotuba na maandiko. Alianza kuzungumza hadharani akiwa amepita miaka 50, kwa hiyo wewe unayeniambia umechelewa kuanza, tafuta sababu nyingine.

Lakini rafiki zangu, ukimpenda mtu kwenye historia, mpende na makosa yake, usiyafiche.

Jeevanjee aliposema usawa, alimaanisha usawa wa Mhindi na mzungu. Huko London alifika hadi kupendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na India, itawaliwe kama sehemu yake. Kwa wakati ule hoja ilikuwa na mantiki yake. Fedha iliyotumika hapa ilikuwa rupia ya India, sheria nyingi ziliagizwa kutoka India, reli ilijengwa na Wahindi na biashara nyingi ilikuwa mikononi mwao. Lakini uliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kwenye mahojiano yale: wenye nchi walisemaje? Nyanda za juu ambazo mlowezi na Mhindi waligombania zilikuwa na watu. Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904, wakahamishwa tena kwa ule wa mwaka 1911. Wakikuyu walikuwa wanaona mashamba yao yakipimwa kwa kamba za watu wengine. Wageni wawili walikuwa wanagombania kitanda huku mwenye nyumba amelala nje.

Nilimwambia mzee mmoja jambo hili pale bustanini. Ni fundi wa viatu aliyestaafu, huja karibu kila siku kusikiliza Bunge. Akacheka. "Kijana, ulitarajia nini? Kila mtu huanza kulilia mtoto wake." Nikamjibu, "Sawa mzee, lakini akinyamaza mtoto wake, si amsikie na wa jirani?" Akanitazama, akasema, "Hapo ndipo wengi hushindwa."

Wako ambao hawakushindwa. Manilal Ambalal Desai alikuja Kenya mwaka 1915 na akaanzisha gazeti la East African Chronicle. Kijana mmoja Mwafrika, karani na mpiga simu wa serikali, Harry Thuku, alipoanza kuwakusanya watu mwaka 1921 kupinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, ofisi ya Desai ilimfungulia mlango, na maandishi yake yakapigwa chapa kwa mitambo ile. Thuku alikamatwa Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, wakapigwa risasi, wengi wakafa, Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Ndiyo sababu nasema mtambo wa kuchapisha si kifaa tu. Inategemea nani anaruhusiwa kuingia kuutumia.

Mwaka 1923 mambo yalifika London. Walowezi walipeleka ujumbe wao, Wahindi wakapeleka wao, na Jeevanjee alikuwemo, mzee wa miaka 67 sasa. Hakuna Mwafrika wa Kenya aliyeketi kwenye meza ile. Matokeo yakawa ule waraka unaojulikana kwa jina la Devonshire, uliosema Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndiyo ya kwanza. Ni maneno mazuri, lakini nyanda za juu zilibaki za wazungu, na Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, alingoja hadi mwaka 1944. Hebu hesabu: miaka 21 baada ya kuambiwa nchi ni yako ndipo unapewa kiti kimoja.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Kilichobaki na jina lake ni bustani aliyowapa watu wa Nairobi mwaka 1906, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria. Hata hiyo karibu iondoke. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari pale. Mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, aliongoza watu kupinga, wakati ambao kupinga lolote Kenya kulikuwa na gharama. Bustani ikaokoka. Baadaye Zarina ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya babu yake. Malkia alikatwa kichwa na watu wasiojulikana mwaka 2015. Bunge la Mwananchi linaendelea kukutana.

Kuna mhamiaji mwingine ambaye kila nikimfikiria Jeevanjee, namfikiria na yeye. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi mwaka 1927 akiwa bado mvulana wa miaka 13. Baba yake alikuwa fundi seremala wa reli ambaye baadaye alifungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Makhan alifanya kazi kwenye kiwanda hicho cha familia. Angeweza kutulia hapo, akachapisha kadi za harusi na vitabu vya risiti hadi azeeke. Mwaka 1935 wafanyakazi walipounda chama, akawa katibu wake, na chama hicho kilifungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la ajabu, maana hata choo kilikuwa na rangi.

Aprili 1950, kwenye mkutano katika ukumbi wa Kaloleni, hapa Nairobi, Makhan Singh alisimama akatoa hoja ya uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Alikuwa Kalasinga wa miaka 36, mwenye kilemba, anadai uhuru wa Waafrika mbele ya umati wa Waafrika, kwa sababu alikuwa ameshakata shauri kwamba hii ni nchi yake na hao ni watu wake. Mwezi uliofuata alikamatwa. Akawekwa kizuizini sehemu za mbali za kaskazini hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Alipotoka, pamoja na mengine, aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi mwaka 1952, kitabu kilichotoka mwaka 1969. Alifariki mwaka 1973, bila bustani yenye jina lake.

Nikiwaweka hawa wawili pamoja sipati shujaa mmoja na mwovu mmoja. Wote walivuka bahari kuja kwetu. Wote waligusa wino. Wote walisimama wakasema mbele ya watu ambao hawakutaka kuwasikia. Jeevanjee alifungua mlango wa baraza ambao haukuwahi kufunguliwa na mtu wa rangi nyingine, na hilo si dogo. Tofauti ni kwamba mmoja alisema kwa niaba ya waliofanana naye, na mwingine akapanua neno "sisi" hadi likatosha kila mfanyakazi. Na kuna tofauti nyingine ndogo ambayo mimi mtu wa video siwezi kuiacha. Aliyekuwa na gazeti aliliuza kabla hajajua angelihitaji kwa kazi gani.

Sasa, turudi kwa ile simu.

Nilimpigia mama. Yeye anauza mahamri na mbaazi Kisauni, na biashara anaielewa kuliko mimi. Nikamweleza bei. Akanyamaza, nikasikia mafuta yakichemka nyuma yake. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo mtu anataka nini kwa hao watu wako?" Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimefikiria pesa, kodi, na simu mpya. Sikuwa nimefikiria kwamba asubuhi moja, watu waliozoea kunisikia nikiwasimulia historia wangeamka wakute jina langu linawauzia mikopo ama mwanasiasa. Wangefikiri ni mimi.

Nikampigia yule jamaa nikamuuliza swali la mama. Akasema hilo halinihusu, nikishauza nimeuza. Alisema kweli, kuuza ndivyo kulivyo. Ndiyo maana nikamwambia hapana.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Landilodi hakuvutiwa na habari za mwaka 1905. Nimechukua kazi ya kuhariri video za harusi wikendi kwa miezi miwili, na nimelipa deni la mwezi mmoja. Mwingine bado. Wala sisemi kuuza ni dhambi kwa kila mtu. Kuna mtu mtoto wake yuko hospitali, akiuza ukurasa nitamsaidia kuhesabu pesa. Ninachosema ni hiki: kabla hujauza mahali unaposemea, jiulize miaka mitano ijayo utakuwa na jambo gani la kusema, na utalisemea wapi.

Kuna swali la pili, na hilo ndilo gumu zaidi kwangu. Nimekuwa na ukurasa huu miaka mitatu. Juzi nikapitia video zangu moja baada ya nyingine, nikihesabu nani amezungumza. Karibu zote ni mimi. Uso wangu, sauti yangu, maoni yangu, hata nilipokuwa nazungumzia mambo ya wapakiaji wa Marikiti, ama wanawake wanaofua nguo za watu Eastleigh. Nimewazungumzia watu wasiokuwa mezani, kama walivyofanya wale mabwana wa mwaka 1923. Sikuuza ukurasa, lakini mlango nilikuwa nimeufunga.

Kwa hiyo Jumanne nilirudi Jeevanjee na simu yangu, ile ile ya kioo kilichopasuka. Nikangoja zamu yangu Bungeni, nikasimama, nikaeleza ninachotaka. Mama mmoja anayefua nguo, amekuja Nairobi kutoka Kitui miaka 12 iliyopita, akaniuliza ataongea dakika ngapi. Nikamwambia hadi amalize. Akaongea dakika 41, na mimi nilisimama nyuma ya kamera nikinyamaza, jambo ambalo wanaonijua watakuambia si rahisi.

Video hiyo iko tayari. Jina lake ndilo liko juu, si langu. Itazameni.